Ua la Sikio la Kulia

Barabara yetu huku Tahiti inaishia Tautira. Ukifika hapo, mbele ni mawe na bahari, na anayetaka kuendelea ashuke atafute mashua. Titaua aliolewa katika nyumba ya mwisho kabisa ya barabara hiyo. Yaani, hakuolewa, na hapo ndipo kisa kilipo. Alihamia akiwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, pareu mbili, vile vitambaa vya kujifunga kama kanga, ndani ya mfuko wa mchele, na mpaka leo yuko hapo. Ana watoto watatu, mjukuu mmoja na wa pili yuko njiani, na mwanamume anaitwa Teva ambaye yeye humwita mume, maana mtu uliyemfulia suruali tangu enzi za kaseti utamwitaje tena?

Kilichokosekana ni cheti na neno. Cheti hutolewa ofisi ya meya, hicho chepesi. Neno hutoka kwa Mama Ruita, mama yake Teva, na hilo lilikuwa limekwama kooni kama mwiba wa samaki.

Si kwamba huku tunashangaa watu kuishi pamoja bila ndoa. Wengi huanza hivyo, harusi huja watoto wakishakuwa wakubwa wa kutosha kubeba viti vya sherehe. Lakini harusi huja. Kwa desturi ya pale kanisani, ambaye hajafunga ndoa hasogei meza ya Bwana, wala hakai na kina mama waimbaji kule mbele, wenye magauni meupe na kofia pana kama sinia. Hukaa nyuma. Na Titaua ana sauti, jamani. Ana ile sauti ya juu inayopanda ikawaacha wenzake chini wakiitafuta. Kila Jumapili sauti hiyo ilitoka benchi la nyuma, ikaenda kugonga migongo ya kofia.

Teva angeweza kusema, "Mama, mimi naoa, upende usipende." Teva huyu anainua injini ya mashua peke yake, na trekta ya kukatia majani ya kijiji anaiendesha kwa mkono mmoja. Lakini mbele ya mamake huomba ruhusa hata ya kuongeza chumvi. Nyumba ni ya mama, ardhi ni ya mama, na kwao mtoto hamruki mzazi. "Mama akisema ndiyo, kesho yake tu," alikuwa akimwambia Titaua. Alilisema hilo mpaka likawa kama habari za hali ya hewa.

Sasa Mama Ruita alikuwa amepita themanini. Miguu ilianza kuvimba, pumzi inakatika akipanda ngazi tatu za baraza. Titaua alikuwa akimkanda ile miguu na mafuta ya nazi jioni, na huku anakanda, anawaza: huyu akiondoka na neno lake, basi. Teva atasema mama hakuruhusu, na marehemu huwezi kumbembeleza.

Na yote hayo ni kwa sababu ya ua.

Zamani hizo, mjini Papeete, karibu na soko, kulikuwa na Bwana Yau, muuza kaseti. Karaoke ilipoingia, kila nyumba ikawa na mwimbaji na kila mwimbaji akawa na kiu, Bwana Yau aliona mbali: watu wanahitaji picha za kutazama maneno yakipita chini. Akaja Tautira na kamera yake, na sanduku la bia kwa ajili ya wanaume, ili wakae mbali na mto. Alikuwa anatafuta msichana mwenye nywele. Za Titaua zilifika mapajani.

Mama Ruita hakukataa. Alizipenda sana nyimbo za Bwana Yau. Asubuhi ile alichuma tiare, lile ua letu jeupe la harufu, iliyokuwa bado imefumba nusu, akaichomeka mwenyewe kwenye sikio la Titaua, la kushoto, upande wa moyo. "Nenda," akasema. "Lakini hili likae hapa hapa. Watu waone una mwenyewe. La kulia ni la wanaotafuta."

Likakaa hapo hapo. Titaua anaweza kula kiapo. Siku nzima alitoka mtoni, akarudi mtoni, akakamua nywele, akamenya papai, akatembea ukingoni kama mtu asiye na kazi ya kufanya, na ua halikuhama. Halafu, jua likianza kushuka, akiwa amesimama majini mpaka kiunoni mgongo kwa kamera, mkunga wa mtoni, yule samaki mrefu kama nyoka, mnene kama mkono wa Teva, akampitia katikati ya miguu.

Titaua aligeuka. Mdomo wazi, macho yametoka, nywele zimezunguka na maji yake. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Angeulizwa wakati ule anafikiria nini, angejibu: samaki.

Bwana Yau akaenda nayo dukani kwake, akaipunguza mwendo. Kwa mwendo wa konokono, mdomo ule ukafunguka taratibu. Macho yakakua taratibu. Shingo ikageuka juu ya bega lenye maji, taratibu, taratibu, gitaa likilia chini yake. Hofu ya samaki ikawa, Mungu atusamehe, "karibu ndani."

Na Bwana Yau alikuwa mtu asiyetupa hata ganda. Alikuwa na picha za siku moja na nyimbo za kanda nzima. Akakata, akarudia, akapunguza mwendo, na picha zilipokwisha akazigeuza kulia kushoto, kama unavyogeuza andazi kwenye mafuta, ili mtu adhani ni mpya. Kwa hiyo wimbo huu Titaua anapanda mto, wimbo ule anashuka. Huku ua liko kushoto, kule liko kulia. Kwenye nyimbo za kucheza alikuwa mwanamke mtongozaji, kwenye za huzuni mwanamke aliyemkimbia mtu, na kwenye za bandarini ndiye anayengoja hadi machozi yanakauka. Upo hata wimbo wa kumlilia mama aliyefariki, na Titaua yumo, anakamua nywele.

Kanda ilizinduliwa sebuleni kwa Mama Ruita, majirani wote wamejaa mpaka madirishani. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri, watu wakapiga makofi. Wa tatu, ua liko kulia. Na mara, yale macho.

Mama Ruita aliinuka akazima.

"Hilo ua nililiweka mimi, kwa mkono wangu, kushoto. Nani alikuhamishia?"

"Sijui, Mama," Titaua akasema.

Alisema kweli. Hakujua. Lakini jamani, ziko kweli ambazo mtu ni heri angezimeza. Ile "sijui" ilishuka sebuleni kama sahani iliyovunjika.

Ilimchukua miezi kugundua. Siku moja alikuwa anaosha vyombo, karaoke inaendelea kwa jirani, akainua macho kwenye televisheni yao: mlima wa nyuma ya mto, ule wenye nundu, ulikuwa upande usio wake. Alikimbia na mikono yenye povu. "Mama! Tazama mlima! Na mlima nao umehama!"

"Mimi nazungumza habari ya ua," Mama Ruita akasema, "wewe unaniletea mlima."

Akawaambia wanaume pale ukumbi wa kijiji. Walikuwa wameitazama ile kanda mpaka wameimaliza rangi. "Mlima gani?" wakauliza. Na hawakuwa wanatania. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona kwamba kuna mlima.

Teva naye, kwa mapenzi yake, akaharibu kabisa. Alichoka kuchekwa, akatangaza baani kuwa siku ile yeye alikuwa nyuma ya kamera na mkewe alikuwa anamtazama yeye. Wanaume wakampigia makofi, wakamnunulia bia. Habari ikamfikia mamake, ambaye alikumbuka vizuri kuwa siku ile Teva alishinda naye anachimba taro, yale magimbi yetu. "Mwanangu hajawahi kusema uongo," Mama Ruita akawaambia wanawake wa kanisa. "Akisema sasa, basi kuna aibu anaifunika." Na toka hapo, kila binti aliyeingia kwaya alifundishwa mambo mawili: kupumua kwa tumbo, na kutokuwa kama Titaua.

Miaka ikapita, na picha za nyimbo nazo zikabadilika. Baada ya Titaua walikuja wasichana wa kuosha magari ambayo yalikuwa tayari safi. Zamani upepo ndio uliofanya kazi ya kuinua pareu; baadaye hapakuwa na cha kuinuliwa. Kamera nayo ilianza usoni kama kawaida, ikashuka shingoni, ikashuka kiunoni, ikashuka tena, ikasahau kurudi juu. Wako wasichana wa hapa hapa rasini wamecheza video tatu na mama zao wenyewe hawakuwatambua. Titaua alikuwa anawatazama na kujisemea: mimi angalau walinibakishia uso. Halafu anakumbuka uso huo umemfanyia nini.

Maana ukumbini, Siku ya Kina Mama, hata alipopewa kipaza sauti aimbe, alijikuta anashindana na yeye mwenyewe. Yeye yuko hapa chini na mvi zake, na kule juu ya televisheni yuko yule mwingine anatoka mtoni. Watu walitazama wapi? Akifika ile sauti ya juu kabisa, ile ya kusimamisha nywele, mtu wa nyuma anapiga mluzi, na si kwa sababu ya sauti.

"Titaua! Tugeukie!"

"Nileteeni mkunga kwanza," alikuwa akijibu. Walicheka wakidhani ni fumbo.

Mwaka juzi akaja Heimanu, mtoto wa marehemu Bwana Yau. Kijana mwenye gari safi na droni ndani ya begi. Alikuwa anamtaka Moerani kwa video, kitindamimba wa Titaua, ana miaka ishirini na miwili na nywele kama za mamake.

"Tunarudia ile ya zamani, Mama Titaua," akasema akiwa bado kwenye ngazi. "Mto ule ule, macho yale yale. Watu wataililia."

"Na nguo ile ile?"

Heimanu akatazama viatu vyake. "Nguo tumeipunguza kidogo."

Moerani alikwenda kuileta. Ilienea kiganjani. Titaua aliigeuza huku na huku akitafuta mbele.

"Mama, usianze," Moerani akasema. "Mimi ni mtu mzima, najua ninachofanya. Wewe walikushtukiza. Mimi nimekubali."

"Sijasema kitu. Nauliza tu, hii inaanikwa kwa kibanio kimoja au viwili?"

"Mama!"

"Muulize bibi yako."

Na hapo Titaua alikuwa na uhakika moto utawaka. Mama Ruita akaitwa. Akakitwaa kile kitambaa kwa vidole viwili, akakitazama, akamtazama mjukuu wake, uso ukalainika kama siagi juani. "Mtoni kuna joto," akasema. "Mwacheni mtoto apate hewa."

Titaua akaenda jikoni akakuna nazi tatu ambazo hakuna aliyezihitaji.

Siku ya kupiga picha walimbebea Mama Ruita kiti cha plastiki mpaka ukingoni. Alikuwa amevaa vizuri, ua lake kushoto. Mume wake alikufa zamani, lakini yeye husema moyo haujamjulisha. Alimwita Moerani, maana Moerani ana mchumba, Vetea wa Teahupo'o, kijana wa watu mwenye mama mkali. Akatoa tiare kwenye mkoba, akaichomeka sikio la kushoto la mjukuu, polepole. Kisha akainua macho akamtazama Titaua, aliyekuwa amesimama na kitana.

"Hili likae hapa hapa," akasema.

"Sawa, Bibi."

"Mama, nifundishe basi yale macho," Moerani akasema akiingia majini.

"Hayafundishwi. Yanataka samaki."

"Kila mtu ananiambia ni kipaji, wewe unaniambia samaki."

Walifanya kazi mpaka mchana. Droni ililia juu kama nyigu aliyefungiwa, Heimanu akipiga kelele, "Chini zaidi! Hapo! Uso si lazima!" Walipopumzika, Moerani akaja analowanisha kila mtu, akachuchumaa kando ya kiti cha bibi yake, akanyoosha simu. "Cheka, Bibi. Selfi." Wakapiga. Mama Ruita akavaa miwani ajione.

Kisha akapeleka mkono kwenye sikio lake la kushoto, akalikuta ua lipo. Akatazama simu. Akashika tena sikio.

"Nani amehamisha ua langu?"

"Hakuna, Bibi," Moerani akacheka. "Hii simu yangu inageuza. Kama kioo. Na langu pia, unaona? Tazama hata mlima, umehamia kule."

Mama Ruita akautazama mlima wa kwenye simu. Akainua kichwa, akautazama mlima wenyewe, na nundu yake, pale ulipo tangu Mungu auweke.

"Ah, kugeuza!" Heimanu akadakia huku anatafuna mkate. "Marehemu mzee alikuwa bingwa. Picha za siku moja anatoa kanda nzima. Anageuza, anageuza. Mama Titaua si anajua?"

Kitana kilikuwa kimemganda Titaua mkononi. Miaka yote ile alikuwa ameiota siku hii, na ndotoni kulikuwa na machozi na kukumbatiana. Sasa alisikia maji tu.

"Nirudisheni nyumbani," Mama Ruita akasema. "Jua kali."

Kulikuwa na mawingu.

Siku ya tatu, alasiri, Titaua anamkanda miguu barazani, Teva yuko barabarani na trekta yake, Mama Ruita akaanza, macho yakiwa baharini.

"Kwa hiyo mlima."

"Ndiyo, Mama. Mlima."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Mama. Kila mwaka."

"Hukuniambia vizuri."

Titaua akaongeza mafuta kiganjani, akaendelea kukanda.

"Na yale macho?"

"Samaki, Mama."

"Samaki." Mama Ruita akavuta pumzi, ikakwama katikati, akaivuta tena. "Sikia. Jumapili, baada ya ibada, kina mama tuna mkutano. Simama mbele yao. Sema: nilikuwa mtoto, nililihamisha ua, naomba radhi. Mimi nitainuka, nitakukumbatia, nitalia. Unajua mimi nalia vizuri. Nitatoa neno palepale, mbele ya mke wa mchungaji. Kabla ya Krismasi umeshaolewa, unakaa mbele."

Mikono ya Titaua ikasimama juu ya kifundo cha mguu. "Lakini Mama, sikulihamisha."

"Mimi najua, wewe unajua. Hatutoshi?"

"Basi sema wewe. Sema ulikosea."

"Niseme mimi?" Mama Ruita akageuka, na kwa mara ya kwanza Titaua akaona hofu kwenye uso ule. "Wasichana wangapi nimewaambia msiwe kama Titaua? Wawili niliwatoa kwaya kwa sababu ya maua. Mmoja alihama kisiwa. Leo nisimame niseme nilikuwa nagombana na kioo? Yule aliyehama nitampeleka wapi?"

Titaua akamvuta mguu wa pili.

Wiki ile alilitoa gauni jeupe. Alilishona mwenyewe kitambo, likakaa sandukuni na vipande vya sabuni. Akalipiga pasi. Mbele ya sinki akayajaribu maneno: nilikuwa mtoto, nililihamisha. Hayakuwa magumu. Maneno machache tu, halafu kofia, benchi la mbele, sauti yake ikitoka mahali pake. Teva akichana nywele kwa maji kwenda kwa meya. Nani angeumia? Bwana Yau amekufa. Lakini kila alipofika kwenye "nililihamisha" alijiona kule kwenye televisheni. Bwana Yau alimgeuza bila kumuuliza. Sasa alikuwa anaombwa ajigeuze mwenyewe.

Jumapili ikafika. Mkutano wa kina mama ukamaliza habari za maua ya madhabahuni na ufagio uliopotea. Mama Ruita akakohoa. Akatoa hanchifu, akaifungua magotini, tayari.

Titaua akasimama nyuma. Kofia zote zikageuka. Hakuwahi kuziona kwa mbele zikiwa nyingi hivyo.

"Nilitaka kusema," akasema.

Mama Ruita akapeleka hanchifu puani.

"Nilitaka kuuliza, taro za wiki ijayo analeta nani?"

Kisha Mama Tepora, mwenye ulimi mrefu kuliko wote, akasema taro analeta yeye, si alishasema, watu wa nyuma hawasikilizi. Mama Ruita akaikunja hanchifu mara mbili, akairudisha mkobani.

Njiani, walipofika kwenye mnazi ulioinama, Mama Ruita akasema:

"Ile hanchifu nimeipiga pasi bure."

"Mama, niliogopa samaki. Siwezi kumtubia samaki."

"Basi kaa huko huko nyuma."

"Nitakaa."

Na wakaendelea kutembea, mkono wa mmoja umeshika wa mwenzake, maana barabara ina mashimo na bibi wa watu haoni vizuri.

Kuanzia kesho yake kikaja kitu kipya. Asubuhi Mama Ruita huchuma tiare za nyumba nzima, na sikuzote la Titaua aliliacha kwenye kisosi, ajue mwenyewe pa kulitia. Siku hiyo aliingia jikoni, akatazama mlangoni kama mwizi, akachungulia dirishani, kisha akalichomeka ua kwenye sikio la kushoto la Titaua kwa vidole vyake. Kesho yake tena. Teva akiingia kutafuta kahawa, mama anajifanya anatafuta sukari. Titaua alianza kufikiri labda neno liko njiani, linatembea na fimbo tu.

Ndipo video ya Moerani ikatoka. Jumapili hiyo kina mama walikuwa barazani kwa Mama Ruita, kofia wameziweka mapajani, wanakunywa kahawa ya tui na firifiri, maandazi yetu yale ya moto. Simu ikazunguka. Kila mmoja alisema "Ee Bwana wangu!" akaitazama mpaka mwisho. Na kwa kuwa mtoto wa Yau naye ni Yau, alikuwa ametoa video tatu kwenye siku moja. Ilipofika ya pili, Mama Tepora akaisogeza simu karibu na pua.

"Ruita! Mjukuu wako si ana Vetea wa Teahupo'o? Mbona ua kulia?"

Maandazi yakasimama njiani. Mama yake Vetea naye ana simu, kila mtu alijua.

Mama Ruita akapiga mkono wa kiti. "Mjinga wewe! Mashine inageuza. Inageuza kama kioo. Ua nililiweka mimi kwa mkono wangu. Tazama mlima!"

"Mlima gani?"

"Huo hapo nyuma ya makalio, Tepora! Nundu iko upande gani?"

Vichwa vikasogea juu ya simu. Wakatazama, wakageuka kuutazama mlima, wakatazama tena. "Eh! Ni kweli. Umehama." "Jamani, umehama kabisa." "Mashine hizi!" Walicheka, wakajipiga mapaja, wakaapa kumpigia mama Vetea simu kabla hajapiga yeye.

Titaua alikuwa kwenye meza ya birika, amewapa mgongo, anamimina. Alikisikia kicheko kikipungua. Akakisikia kimya kinaingia, mtu mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaokaa chini. Hakugeuka. Alijua wote wanaitazama shingo yake, na ua lililochomekwa asubuhi ile kushoto.

"Basi," Mama Tepora akasema polepole, anayafikiria maneno kadiri yanavyotoka, "basi na ile ya Titaua, zamani zile..."

Kahawa ikafika ukingoni mwa kikombe. Titaua akasubiri. Ubavuni alisikia pumzi ya Mama Ruita, ikakwama katikati, ikavutwa tena. Sekunde hiyo, moyoni, alikwisha kulivaa gauni, alikwisha kukaa mbele.

"Zile zilikuwa mashine nyingine," Mama Ruita akasema. "Zile zilikuwa hazigeuzi."

Titaua aligeuka. Hakukusudia, aligeuka tu, juu ya bega, mdomo wazi, macho yametoka, mvi zimezunguka.

"Macho hayo!" Mama Tepora akaruka kitini, kidole mbele. "Hayo, hayo! Jamani, si mnaona? Bado anayo!"

Wakacheka mpaka firifiri zikadondoka mchangani.